Vibuyu vya Dereva, Njia ya Ugweno

Vijana wenzangu wa usukani pale Same, mliniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Naona mlitarajia habari za injini. Injini mnazijua kuliko mimi. Za siku hizi zinawaka kwa kubonyeza, sisi tulizizungusha kwa hendeli mpaka bega likateguka. Wala sitaandika nilipandishwa cheo lini au nililipwa nini, maana hapo hakuna mengi ya kusimulia. Mwezi ujao treni zitaanza kuteremsha watu wa Krismasi, na baadhi yenu mtawapandisha milimani kwa mara ya kwanza. Nitaandika juu ya hilo. Kila mahali watu wanazungumza habari za uhuru. Mimi niruhusuni nizungumze habari za breki.

Niliingia kazini kama utingo, kabla ya ile vita kubwa ya pili, kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Same. Dereva wake alikuwa Mzee Zefania, Mpare wa huku kwetu kusini kama mimi, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ambayo hakuna tena aliyeijua rangi yake. Nilidhani ataniambia nipakie mizigo. Badala yake aliniwekea mikononi gogo la mti mgumu, limechongwa upande mmoja kama kabari, lina kamba ya kulibebea.

"Hili ndilo gari lako," akasema. "Lile lingine ni langu."

Siku ile hatukwenda popote. Aliliegesha lori kwenye kilima kidogo nyuma ya stesheni, akaniamuru nilitege gogo nyuma ya tairi, nilitoe, nilitege tena. Kila nilipodhani nimelitega vizuri, alishuka akalipiga teke. Likisogea, tunaanza upya. Watu waliokuwa wakisubiri treni walinicheka sana, na mmoja akauliza kama nimeajiriwa au nimefungwa. Jioni mikono ilikuwa imechubuka, ndipo Mzee Zefania akaketi na kunieleza. Lori la mlimani, alisema, lina breki tatu: ya mguu, ya gia, na ya utingo. Ya mguu huchemka. Ya gia huvunjika. Ya utingo hutegemea utingo mwenyewe ameamkaje.

Nilielewa maana yake tulipopanda Ugweno. Huku tambarare, kubeba mpunga wa Kihurio au kupeleka bidhaa gulio la Hedaru, utingo anaweza kusinzia juu ya magunia na dunia isipungukiwe kitu. Ugweno ni habari nyingine. Barabara ile ilichimbwa kwa majembe, nayo ina kona ambazo lori haliwezi kuzikata kwa mkupuo mmoja. Dereva anapeleka pua ya gari mpaka kwenye ukuta wa mlima, anasimama, kisha anarudi nyuma kidogo kuelekea korongoni ili apate nafasi ya kukata tena. Huko nyuma haoni kitu, kwa sababu watu na mizigo vimeziba. Utingo ndiye anayetega gogo mahali tairi linapotakiwa kukomea, halafu anasimama ubavuni ambapo dereva anaweza kumwona, anaita, "Njoo, njoo, njoo." Dereva anarudi kwa sauti ile. Tairi likigusa gogo, anajua amefika. Gogo lisipokuwepo, atajua pia, ila amechelewa.

Ulevi wa madereva haukuwa jambo geni. Pale Hedaru vilabu vya pombe vilikuwa karibu na maegesho ya malori kuliko kisima. Niliwahi kusaidia kumtoa dereva mmoja ndani ya mtaro, gari limelala ubavu, mahindi yamemwagika pande zote, na yeye akiwa mzima anaimba. Wiki chache baadaye alirudia, na safari hiyo hakuimba. Mzee Zefania alinipeleka mazikoni kwake, akanisimamisha karibu kabisa na kaburi mpaka mwisho. Hakuwa mlokole. Siku za mapumziko alikunywa kama watu wengine, tena akiimba vibaya. Lakini ufunguo ukiwa mfukoni, hakugusa tone.

Alinifundisha udereva kwa miaka, kwa uchoyo, gia moja moja. Vita vilipokwisha nikapata leseni, na tajiri wetu alipoongeza lori la pili akanikabidhi. Gogo langu akalirithi Kalebi. Huyu alikuwa mwenyeji wa Ugweno, mtu mzima mwenye mke na watoto, kifua kipana, kicheko kikubwa. Alikuwa utingo bora kuliko nilivyokuwa mimi, na nasema hivyo bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu. Mzee Zefania alimpenda. Nilimsikia akisema kwamba kwa sauti ya Kalebi angerudi nyuma hata akiwa amefumba macho.

Sasa nifike kwenye Krismasi.

Mnajua jinsi watu wanavyorudi. Wanatoka mashamba ya mkonge kule Tanga, wanatoka Moshi, wengine Mombasa, wamebeba masanduku ya bati, mablanketi, na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga mlima. Lori linawapokea stesheni na kuwashusha mmoja mmoja njiani, kila mtu kwenye kijia cha kwao. Na Ugweno wakati ule walikuwa na desturi yao. Mama aliyeletewa mtoto wake alitoka barabarani na kibuyu cha dengelua, ile pombe ya miwa. Alionja yeye kwanza ili dereva aone haina ubaya, kisha akampa. Hayo yalikuwa malipo ya kumrudisha mtoto, na hayakuchanganywa na nauli. Dereva akikirudisha kibuyu kikiwa kimejaa, alikuwa amesema mbele ya majirani kwamba nyumba ile haiaminiki. Sikukuu ya nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Wachungaji walihubiri dhidi ya pombe mwaka mzima, lakini ile ya dereva walijifanya hawaioni. Wengine walikuwa na watoto wao humo humo garini.

Hesabuni wenyewe. Nyumba nyingi, vibuyu vingi, na barabara inazidi kuwa mbaya kadiri unavyopanda.

Madereva wengine walikunywa tu na kumwachia Mungu usukani. Mzee Zefania alitafuta njia. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakigusisha midomo, akamshukuru mama, kisha, mama alipogeuka kumkumbatia mwanawe, akakipitisha kwenye dirisha la nyuma kwa Kalebi. Kalebi alikimaliza na kukirudisha. Mama akapokea kibuyu kitupu, akapiga kigelegele, gari likaondoka. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na dereva akabaki na akili zake. Sote tuliona huo ni ustadi mkubwa. Kalebi alikuwa na mwili wa kuhimili, na hakuwa ameshika usukani. Mlevi wa kuogopwa garini, tulidhani, ni dereva tu.

Mwaka ule tulipanda malori mawili. Mzee Zefania alitangulia na watu. Mimi nilifuata nyuma nikiwa na mabati, chumvi na sukari, mizigo ambayo haina mama wa kuipokea, kwa hiyo sikuletewa kibuyu hata kimoja. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali, hakuna ukungu wala mvua. Nasema hivyo kwa sababu baadaye wapo waliotaka kusingizia mvua. Niliwasikia juu yangu wakiimba nyimbo za kanisani, sauti ya Kalebi ikiwa juu ya wote. Nilicheka peke yangu.

Kwenye kona mbaya kuliko zote, ile iliyo chini ya nyumba ya Bibi Namsifu, niliinua macho nikaliona lori lao limepeleka pua ukutani. Nikamwona Kalebi ameshuka na gogo begani. Aliwapungia mkono watu waliokuwa juu, akasema neno wakacheka. Aliliweka gogo chini. Hakuliweka nyuma ya tairi. Aliliweka kando, mbali kidogo, kama mtu anayeweka kiti, akasimama mgongoni kwa gari na kuanza kuita, "Njoo, njoo, njoo."

Nilipiga honi. Nilipiga na kupiga. Walidhani nawasalimia.

Mzee Zefania alirudi nyuma kwa sauti ile kama alivyorudi miaka yote. Tairi halikugusa kitu.

Lori liliteremka kinyumenyume kwenye shamba la migomba, likasimamishwa na migomba yenyewe, la sivyo tungewazika wote. Kalebi alikuwa chini yake. Waliovunjika mikono na miguu walikuwa wengi. Na alikufa binti mmoja, Nakundwa, aliyekuwa akitoka kufanya kazi Tanga, mtoto wa pekee wa Bibi Namsifu. Kwao kulikuwa pale pale juu ya kona. Angetembea tu angekuwa amefika. Bibi Namsifu alikuwa tayari barabarani anamngoja. Alishuka ule mteremko akiwa na kibuyu mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwambia akiweke chini.

Nimefanya kazi miaka mingi na nimeona maiti wengine. Siku ile ndiyo ninayoiota.

Mzee Zefania alitoka na jeraha la paji la uso na shati lililoloa dengelua, maana kwenye nyumba ya chini kibuyu cha mwisho kilimmwagikia kikipitishwa dirishani. Dresa wa zahanati alimnusa, akaandika alichonusa. Askari wakamchukua. Baada ya sikukuu akafikishwa bomani Same, mbele ya Bwana Shauri, Mzungu aliyekuwa akiamua kesi za wilaya, kwa kosa la kuendesha gari akiwa amelewa na kuua watu. Sote tulijua anakwenda jela.

Akina mama wa Ugweno waliteremka kwa miguu kuja kutoa ushahidi. Lazima mwelewe kwamba hawakuja kumuumiza. Walikuja kumsifu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti, tuliyemwita Mama Eliesikia, wa nyumba ya kwanza kabisa unapoanza kupanda.

"Zefania ni mtu wa heshima," alisema. "Mwanangu alimfikisha salama. Nilimpa kibuyu, akapokea kwa mikono miwili, akanywa chote. Hakunidharau."

Karani akatafsiri, Bwana Shauri akaandika. Akaja wa pili, naye akasema hivyo hivyo. Wa tatu akaongeza kwamba chake kilikuwa kibuyu kikubwa. Kila sifa ilikuwa inamsukuma mzee wangu ndani ya jela, na wao walirudi kuketi wakiwa wameridhika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikitamani kuziba masikio. Mjane wa Kalebi alikuwa ameketi mbele, ametanda kanga nyeusi.

Bwana Shauri akamgeukia mshtakiwa, akauliza kupitia kwa karani kama alikunywa.

"Sikunywa, bwana," akajibu Mzee Zefania.

Mama Eliesikia akasimama bila kuruhusiwa. "Kibuyu changu kilirudi kitupu, Zefania. Unataka kusema mimi ni mwongo?"

"Hukusema uongo, mama. Kilirudi kitupu." Alikuwa akimtazama yeye, si Bwana Shauri. "Nilikigusa kwa midomo, nikakipitisha nyuma. Alikunywa Kalebi. Chako, na cha nyumba ya pili, na vya nyumba zote mlizokuja kuzisemea hapa. Nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nalinda macho yangu, nikampofusha yule aliyekuwa ananionea nyuma."

Akina mama walianza kutazamana, nami niliona jinsi jambo lile lilivyopita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Kila mmoja alikuwa anakumbuka kibuyu chake. Mjane wa Kalebi alijifunika kichwa, akaanza kulia kwa sauti ndogo, na Mama Eliesikia, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliketi taratibu.

Bwana Shauri alipekua kitabu chake cha sheria. Abiria walioitwa walithibitisha walichokiona. Mwisho akasema kwamba sheria inamhusu dereva. Dereva hakuwa amelewa. Juu ya ulevi wa utingo hakuna kilichoandikwa. Akamwachilia. Mzee Zefania akatoa leseni yake mfukoni, akaiweka mezani, akatoka. Karani akamkimbilia mpaka uani.

"Mzee, umesahau leseni yako."

"Sijasahau," akasema, akaenda zake.

Alirudi shambani kwake kulima mahindi. Nilimtembelea mara nyingi, tukazungumza mvua na wadudu. Nikitaja gari, alinyanyuka kwenda kutazama mbuzi. Hilo liliniumiza kuliko kama angefungwa, maana aliyefungwa hutoka.

Krismasi iliyofuata ilipokaribia, tajiri akaniambia mimi ndiye nitakayewapandisha watu Ugweno. Sikulala vizuri. Kona sikuiogopa sana, niliogopa nyumba. Ningemwambiaje mama aliyeonja kwanza mbele ya majirani kwamba sipokei? Nisipopokea, namvunjia heshima. Nikipokea, nampa nani?

Asubuhi moja Mzee Zefania akaingia gereji. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja lilipokuwa gogo jipya, akaligeuza, akalipima kwa kiganja, akaomba tezo, akalichonga ukingo mmoja ulale vizuri chini.

"Utingo wako nani?" akaniuliza.

"Bado natafuta, mzee. Wangu amekataa kona ile."

"Acha kutafuta."

Nilimwambia siwezi kumwagiza yeye, mwalimu wangu. Akanijibu kwamba sitamwagiza. Yeye ataita, mimi nitarudi nyuma. Baadaye nilikuja kujua kwamba wiki nzima alikuwa amepanda milima kwa miguu, akiingia nyumba baada ya nyumba, akiwaomba akina mama wavizuie vibuyu mpaka lori limerudi chini na kulazwa, ndipo dereva na utingo wapande kwa miguu kuja kunywa haki yao. Wengine walikubali. Wengine walinyamaza, na mtu wa Ugweno akinyamaza usiseme amekubali.

Siku ya kupanda, nyumba ya kwanza, Mama Eliesikia akatoka na kibuyu. Mwanawe akashuka na sanduku lake. Mama akaonja, akaninyooshea.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nitakuja kesho kwa miguu."

"Kesho si leo. Mwanangu kafika leo." Uso wake ulikuwa umekaza. "Unaogopa nini humu ndani?"

Kabla sijajibu, Mzee Zefania akasema kutoka nyuma ya gari, gogo likiwa begani, bila kupandisha sauti. "Humo ndani hakuna ubaya, mama. Hata mwaka jana hakukuwa na ubaya. Ilikuwa nzuri sana. Kalebi aliimaliza."

Yule mama akakitazama kibuyu. Kisha akamshika mwanawe mkono, wakaingia ndani, na kibuyu chake. Tulipoondoka hakupiga kigelegele. Nyumba zilizofuata walikuwa wamekwisha kusikia, sijui kwa njia gani, maana habari mlimani hupanda haraka kuliko lori. Walitoka mikono mitupu, wakapokea watoto wao, wakatuambia tutaonana kesho.

Yaandikeni haya vichwani mwenu, nyinyi mtakaopanda mwezi ujao. Siku hizi pombe zimekuwa za namna nyingi, na kuna wanaojisifu kwamba dereva wetu hanywi. Vizuri. Muulizeni na anayetega gogo. Muulizeni anayefunga kamba za mizigo, na aliyekaza nati za tairi asubuhi. Na kwenye kona kubwa washusheni watu wote watembee, hata bibi arusi, hata mchungaji. Watalalamika kwamba viatu vinaharibika. Waacheni walalamike; anayelalamika yu hai.

Pale chini ya nyumba ya Bibi Namsifu niliwashusha wote. Walipanda kwa miguu. Nikapeleka pua ukutani, nikasimama. Nyuma nikasikia gogo likitegwa, likipigwa teke, likitegwa tena. Kisha sauti ya Mzee Zefania, nzito, haina haraka: "Njoo. Njoo. Njoo." Nikarudi kwa sauti ile. Tairi likagusa gogo. Nikakata kona.

Juu yake, kando ya barabara, alikuwa amesimama Bibi Namsifu. Hatukuwa na mtu wa kumshushia. Ningeweza kupita, lakini nilisimamisha gari, sijui kwa nini. Mguu ulisimama wenyewe. Alipita mlangoni kwangu bila kunitazama, akaenda nyuma. Mzee Zefania alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Watu waliokuwa wametangulia kwa miguu walisimama wote.

"Umewashusha pale konani?" akauliza.

"Wote, mama."

"Na wewe leo umekunywa nini?"

"Maji ya mtoni, asubuhi."

Bibi Namsifu akamsogelea, akamvuta ukosi wa shati mpaka uso wake ukainama, akamnusa mdomo, pole pole, kama mtu anusavyo maziwa kujua kama yamelala. Kisha akaja mlangoni kwangu, akaniashiria niiname, akaninusa na mimi. Mikono yake ilikuwa baridi. Akarudi tena nyuma ya gari, akasimama mbele ya yule mzee aliyekuwa bado ameshika kofia, akamtazama.

"Marahaba," akasema. "Piteni."